Nimechonga visanamu kwa mkono wangu mwenyewe. Je, ni vyangu kweli?

KisuChaUdongo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Baada ya miezi kumi na moja ya kukesha nimemaliza kikosi cha visanamu kumi na viwili, kimo cha milimita 32. Ni askari wa siku zijazo, deraya nzito, mabega mapana. Vitano nimevifinyanga kwa udongo wa epoksi, saba nimevichonga kwenye Blender, programu ya kompyuta ya kuchonga. Nataka kuviuza: faili kwa wenye printa zao za 3D, visanamu vilivyochapwa kwa resini kwa wasio nazo. Picha nimeambatanisha.

Juzi mwenzangu mmoja wa kupaka rangi kaviangalia kidogo tu, akasema: "Hawa ni Space Marine waliobadilishwa kofia." Nguvu zikaniisha. Ni kweli nimekulia kwenye mchezo ule, Warhammer 40,000 wa kampuni ya Games Workshop, ambao Space Marine ndio askari wake wa deraya, siwezi kukataa. Lakini kofia nimeibuni mimi, bunduki nimeibuni mimi, na kifuani nimeweka tai wa vichwa viwili niliyemchora mwenyewe. Hakuna nilichokopi. Nimewahi kusoma kwamba ukibadilisha asilimia 30 ya kitu kinakuwa chako. Kuna ukweli hapo? Maana nikipiga hesabu nimebadilisha hata 60.

Mpakaji_Rangi

Naweka mkeka hapa. Na mimi nina mazimwi yangu kabatini yanasubiri jibu la uzi huu.

FundiKalibu

Mkuu KisuChaUdongo, hongera kwanza. Kumaliza kumi na viwili si mchezo, wengi wetu tuna makumi ya visanamu visivyo na mikono.

Hiyo ya asilimia itupe. Hakuna sheria ninayoijua inayopima hivyo, si 10, si 30, si 60. Mahakama inaangalia ulichochukua. Ulichoongeza hakikuokoi. Ukichukua kofia ya mwenzako nzimanzima ukaiweka juu ya mwili uliobuni mwenyewe, umechukua kofia, hata kama ni sehemu ndogo ya kisanamu.

Habari njema ni kwamba hakimiliki hailindi wazo. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika 1995, unasema hivyo waziwazi kwenye kifungu cha 9: kinacholindwa ni namna wazo lilivyoelezwa, si wazo lenyewe. "Askari wa anga ndani ya deraya kubwa" ni wazo, na ni la wote. "Joka", "mchawi mwenye fimbo", "mifupa iliyoshika upanga", vyote hivyo ni vya wote. Kinachoweza kuwa cha mtu ni mpangilio wake: kofia ya umbo lile, matundu yale ya kupumulia, mkoba ule wa mgongoni wenye mipira miwili, vyote kwa pamoja kwenye mwili mmoja. Kadiri unavyokusanya vitambulisho vya mtu mmoja ndivyo unavyotoka kwenye wazo na kuingia kwenye kitu chake.

Tai wa vichwa viwili ni wa karne na karne. Yuko kwenye bendera ya Albania, yuko kwenye nembo ya Urusi, na kabla ya hapo alikuwa wa Bizanti. Hakuna kampuni inayomiliki vichwa viwili. Ila mchoro wao maalumu wa tai huyo ni wao. Wako umeuchora ukiangalia nini?

KisuChaUdongo

Nilikuwa naangalia picha za sarafu za kale. Nimezihifadhi.

FundiKalibu

Basi zitunze hizo picha. Tutazirudia.

BwanaKopi

Mnatishana bure humu. Watu wanauza mabega, vichwa, mizinga ya kubandika, miaka nenda rudi. Weka maandishi "si bidhaa rasmi, haihusiani na kampuni yoyote" uendelee na maisha. Kampuni kubwa hazina muda na mtu mwenye printa moja.

MamaResini

BwanaKopi, mimi ndiye huyo mwenye printa moja, na muda na mimi waliupata.

Nilikuwa na magurudumu na minyororo ya vifaru, nimebuni mwenyewe mwanzo mwisho. Nikaliweka jina la mchezo wao ndani ya jina la bidhaa, nikalirudia kwenye vitambulisho vya utafutaji, ili wanunuzi wanione. Siku moja naamka, bidhaa tisa zimeondolewa kwenye soko la mtandaoni nililokuwa nauzia, na akaunti ina onyo. Nikakimbilia fomu ya kupinga, ile ya sheria ya Marekani ya 1998 inayoitwa DMCA. Nikajibiwa kwamba fomu ile ni ya hakimiliki, na lalamiko langu lilikuwa la alama ya biashara. Njia nyingine kabisa. Nilibaki nimeduwaa, maana hata mlalamikaji hakuwa amesema nimeiga gurudumu. Alisema nimetumia jina lake kuuza.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba haya ni mambo mawili. Kisanamu kinaweza kuwa halali tupu na tangazo lake likawa kosa.

Na kanusho lako, ndugu yangu, nililiweka. Kwa herufi kubwa.

BwanaKopi

Pole dada. Lakini si uliruhusiwa kurudi?

MamaResini

Baada ya wiki sita, kwa majina mapya. Sasa naandika "minyororo ya kifaru kizito, 28 mm" na picha inajieleza. Wanaojua wanajua.

KaraniMstaafu

Nimefanya kazi za makaratasi ya kesi maisha yangu yote. Sikuwa wakili, kwa hiyo chukueni haya kama maneno ya mzee wa kijiwe. Mwenye biashara kubwa alipe wakili.

Kesi inayofanana na swali la mwanzisha uzi ipo. Games Workshop walimshtaki Chapterhouse Studios kwenye mahakama ya shirikisho huko Chicago, Desemba 2010. Chapterhouse walikuwa wanauza mabega, vichwa na sehemu za kubandika kwenye visanamu vya Games Workshop, na walitaja majina ya bidhaa hizo waziwazi. Baraza la wazee wa mahakama likatoa uamuzi Juni 2013. Haukuwa ushindi wa upande mmoja: baadhi ya bidhaa na majina yaliangukia kwa Games Workshop, mengine kwa Chapterhouse, na fidia ikawa dola 25,000 kwa upande wa alama za biashara. Rufaa ilipoanza wakapatana, 2014.

Watu husimulia kesi hii kana kwamba mdogo alimpiga mkubwa. Sawa, lakini kumbukeni alivyoweza kupigana: mawakili walijitolea bila malipo. Ukiondoa hilo, gharama ya kushinda ingemmaliza kabla ya kushindwa. Kwa hiyo swali la "nitashinda mahakamani?" kwa mtu wa printa moja ni swali la pili. La kwanza ni "nitafanyaje ili barua isije kabisa?"

Kuna jambo moja zaidi kwenye kesi hiyo ambalo wachongaji hulipita. Games Workshop walikuwa wametoa kanuni za kiumbe kiitwacho Tervigon kwenye kitabu cha 2010 bila kutoa kisanamu chake. Chapterhouse wakatengeneza cha kwao. Baada ya kesi, wachezaji wakaona kampuni imeacha kutoa kanuni za kitu kisicho na kisanamu dukani, na majina nayo yakaanza kubadilika: Imperial Guard wakawa Astra Militarum, Eldar wakawa Aeldari. Wengi wetu tunaona sababu ni moja. Neno la kila mtu ni gumu kulimiliki, neno ulilolibuni mwenyewe ni rahisi.

Mpakaji_Rangi

Sasa mzee, "space marine" si maneno ya kila mtu? Hadithi za anga zilikuwa nayo kabla hatujazaliwa.

KaraniMstaafu

Ndivyo alivyojitetea mwandishi M.C.A. Hogarth. Desemba 2012 riwaya yake iliondolewa Amazon kwa sababu maneno hayo yalikuwa kwenye jina. Shirika la EFF, linalotetea haki za watu mtandaoni, likaingilia, kitabu kikarudi Februari 2013. Alikuwa na hoja nzuri, na bado alikaa karibu miezi miwili bila kuuza nakala hiyo kule. Wewe unauza visanamu, yaani bidhaa ileile wanayouza wenye alama. Wewe ndiye wa kuogopa zaidi yake.

ZimwiLaUsiku

Naomba kuuliza upande wa fantasia. Nina mbilikimo wenye miguu ya manyoya, jicho kubwa linaloelea, na maiti aliyeshonwashonwa. Yupi ananipeleka pabaya?

FundiKalibu

Jicho linaloelea, mkuu. Mbilikimo anafuata, kwa jina.

Neno "hobbit", la riwaya za Tolkien, lina mwenyewe. Mchezo wa Dungeons & Dragons ulipotoka 1974 ulikuwa nalo, wenye haki wakalalamika, na tangu hapo viumbe hao wanaitwa halfling, "ent", mti unaotembea, akawa treant, na balrog, pepo wa moto, akawa balor. Ukimwita wako mbilikimo au halfling na ukamvika nguo ulizobuni, hakuna wa kukusumbua.

Jicho kubwa lenye mdomo na vishina vya macho kichwani, yule beholder, wenye mchezo walimtaja kwa jina kwenye orodha ya vitu vyao wasivyoruhusu wengine wavitumie, yeye na mind flayer mwenye uso wa pweza. Zimwi la macho mengi unaweza kulichonga kwa njia mia. Jiulize tu kwa nini umechagua njia ileile moja.

Maiti aliyeshonwa: riwaya yake, Frankenstein, ni ya 1818, huru kabisa. Lakini kichwa bapa na misumari shingoni havimo kwenye riwaya. Vililetwa na filamu ya Universal ya 1931. Mchonge kutoka kwenye maandishi, usimchonge kutoka kwenye filamu. Hilo ndilo kosa tunalolifanya wote, kwa kuwa tunadhani tunakikumbuka kitabu kumbe tunakumbuka picha.

ZimwiLaUsiku

Misumari ipo. 🤦 Leo usiku ninaikata.

KaraniMstaafu

Niongeze moja kwa wanaodhani sheria ni moja duniani. Yule fundi wa Uingereza aliyetengeneza kofia za askari Stormtrooper kwa ajili ya filamu ya Star Wars ya 1977, Andrew Ainsworth, alikuja kuziuza mwenyewe. Marekani ilimhukumu alipe Lucasfilm, wenye filamu, dola milioni 20. Uingereza, Mahakama ya Juu ilisema 2011 kwamba kofia ile si "sanamu" kwa maana ya sheria yao, ni kifaa cha kuvaliwa kwenye filamu, na haina hakimiliki ya sanamu. Kofia moja, majibu mawili.

Jaji wa ngazi ya kwanza alitoa mfano ninaoupenda sana: rundo la matofali likiwekwa kwenye jumba la sanaa linaweza kuwa sanamu, na matofali yaleyale yakimwagwa mlangoni kwake yakisubiri ujenzi si sanamu. Msikimbie na hilo mkasema visanamu vya mchezo havina ulinzi Uingereza. Kuna haki za usanifu wa umbo pia, zina miaka yake, na ukiuza kwa intaneti unamuuzia na Mmarekani.

Nukta3D

Nawasoma tangu jana, na naona kila mtu anaitazama kampuni kubwa. Mimi nachonga kwa kompyuta kwa riziki, na sijawahi kupata barua ya kampuni kubwa. Barua mbili nilizopata zilitoka kwa watu kama sisi.

Ya kwanza, nilichonga nikifuata mchoro wa msanii niliouona mtandaoni. Nilidhani kutoka mchoro kwenda sanamu ni kubuni upya. Sivyo. Someni kesi ya Rogers na Koons, Marekani, 1992: mchongaji Jeff Koons alichukua kadi yenye picha ya watu wawili wamekumbatia watoto wa mbwa, akaigeuza sanamu, akashindwa. Kubadilisha malighafi hakubadilishi mwenye picha.

Ya pili, mikono. Nilipakua mikono ya bure, nikaiweka kwenye visanamu vyangu. Leseni yake ilikuwa ya Creative Commons yenye herufi NC, yaani hairuhusiwi kibiashara. Mwenye mikono akaitambua kwa mkunjo wa kidole gumba. Nilivua kofia.

KisuChaUdongo, hao saba wa Blender, kila kitu kilichomo umekichonga? Mafuvu? Mikanda? Brashi za kompyuta za kupigia misumari ya deraya?

KisuChaUdongo

Nimekaa na swali hilo usiku kucha. Nasema ukweli wote sasa.

Mafuvu ya kwenye mikanda nilipakua. Nimerudi kuangalia leseni: NC. Brashi nilinunua, na leseni inaruhusu kuuza kilichochongwa nazo, mradi nisiuze brashi zenyewe.

Halafu kuna kapteni. Mnamkumbuka yule aliyeweka mguu juu ya jiwe, joho limepeperuka kushoto? Huyo ndiye mnayemsifia wote kwenye picha. Nilimfuata mchoro wa msanii mmoja niliouhifadhi miaka mitatu iliyopita. Mkao wake, joho, hata upanga uliovunjika ncha. Nilipoandika "hakuna nilichokopi" sikuwa nadanganya kwa kusudi. Nilikuwa nimejisahaulisha.

BwanaKopi

Mchoro wa mtu asiyejulikana, nani atajua?

Nukta3D

Yeye atajua. Mtu anaujua mkao alioutafuta wiki nzima kama anavyomjua mwanawe.

Mwandikie mkuu. Usimwambie "nimevutiwa na kazi yako", mwambie kilichotokea: nimechonga kutoka mchoro huu, sijauza, naomba leseni ya kuuza faili na resini, sema masharti yako. Ambatanisha picha. Wengi hujibu vizuri wakiulizwa kabla. Na akikubali, iwe kwa maandishi: bidhaa gani, muda gani, jina lake litajwe vipi, mgawo wake ni upi.

MamaResini

Na wanaomlipa mchongaji awachongee, hilohilo. Kulipa fedha peke yake hakukupi hakimiliki kila mahali. Bila karatasi inayosema haki zimehamia kwako, unaweza kuwa umenunua ruhusa ya kutumia tu, na mchongaji akamuuzia jirani yako kisanamu kilekile.

KisuChaUdongo

Nimemwandikia. Nitaleta mrejesho.

Wakati nasubiri: kalibu zikitoka, nitawazuiaje wengine wasininakili mimi?

FundiKalibu

Kuwazuia kabisa huwezi. Akinunua kisanamu akakizamisha kwenye silikoni jioni, asubuhi anacho. Unachoweza ni kujiweka mahali pa kuthibitisha. Hakimiliki inazaliwa na kazi yenyewe bila kujisajili, hayo ni ya Mkataba wa Berne wa 1886 na marekebisho yake. Kwa hiyo tatizo lako si kuwa nayo, ni kuionyesha. Hifadhi faili za kila hatua zikiwa na tarehe, piga picha za waya kabla udongo haujafunika, weka zile picha za sarafu zako. Hizohizo ndizo zitakutetea siku mtu akidai tai ni wake. Ile ya kujitumia kazi yako kwa posta ndani ya bahasha ili upate muhuri wa tarehe, achana nayo.

Kwenye faili andika leseni fupi mtu aisome: achape kwa matumizi yake, asiuze wala asigawe. Atakayetaka kuuza nakala zilizochapwa, muuzie leseni ya kibiashara ya mwezi kwa mwezi. Wapo wachongaji wanaopata zaidi huko kuliko kwenye resini.

KaraniMstaafu

Na ukiondolewa kitu kwa madai ya hakimiliki ambayo ni ya uongo, fomu aliyoitaja MamaResini ndiyo mahali pake. Ukishaijaza, mlalamikaji asipofungua kesi, bidhaa inapaswa kurudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi. Ila unaapa ndani yake, na unakubali mahakama ya Marekani iwe na mamlaka juu yako. Usiijaze kwa hasira.

KisuChaUdongo

Mrejesho, baada ya siku tisa.

Msanii amenijibu. Amekisifia kisanamu, kisha akasema mchoro ule ameshauuzia haki studio moja ya michezo, hivyo hata yeye hana cha kunipa. Ameniambia kapteni nimweke kabatini kwangu, na nisimuweke kwenye picha za matangazo. Nimekubali. Iliuma zaidi ya nilivyotarajia.

Mafuvu nimeyatoa, nimechonga yangu. Ni mabaya kidogo, moja linacheka. Mikoba ya mgongoni nimeibomoa yote, kwa sababu nilipoitazama kwa jicho la FundiKalibu ile mipira miwili ilikuwepo, nami sikumbuki hata kuamua kuiweka. Sasa wana kapu la waya kama la wabeba mkaa. Mabega nimeyapunguza, si kwa kuogopa, yalikuwa yanazuia mikono kuinuka. Kikosi kimepata jina: Walinzi wa Kapu. Hakuna jina la mchezo wowote kwenye tangazo, ni kimo na saizi ya kitako cha kusimamia basi. Yule mwenzangu wa kupaka rangi kavitazama tena leo. Kauliza, "Hawa wamebeba nini?"

Mpakaji_Rangi

Hahaha, hilo ndilo swali tulilolitaka. Mimi nachukua seti, lenye kicheko liwemo. Vitako ni milimita 32 au 40?

KisuChaUdongo

Wote 32. Wa 40 alikuwa kapteni.